Barua ya wazi kwa Waziri wa Viwanda na Biashara: jembe letu lifike rafuni

Mheshimiwa Waziri wa Viwanda na Biashara,
Dodoma.

Nakala: Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo (SIDO), Shirika la Viwango (TBS), wenye supamaketi na maduka makubwa ya vifaa vya ujenzi, Dar es Salaam.

Yah: Zana za mkono za hapa nchini kukosekana kwenye maduka makubwa

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nina duka la vifaa vya ujenzi Kiwalani, upande wa Bombom. Ni duka la mlango mmoja: misumari ya kupima kwa kilo, mabomba, rangi, mifuko kadhaa ya saruji, na ukuta mmoja wa zana za mkono. Kwenye ukuta huo zimetundikwa nyundo, misumeno, bisibisi, plaizi, patasi, miko ya kupigia lipu, timazi na pima maji. Chini yake yameegemezwa mabeleshi, sururu, majembe na mafyekeo. Wateja wangu ni waashi na maseremala wa mtaani, vijana wanaochimba mashimo ya vyoo, na kina mama wanaolima mchicha na matembele mabondeni. Hawaniulizi zana imetoka nchi gani. Wanauliza, "Hii ogi?" Maana yake: itadumu, au wiki ijayo nitarudi hapa kununua nyingine?

Ukiondoa toroli, karai, baadhi ya mipini na vitu vichache vya mhunzi mmoja wa Vingunguti, kila kitu dukani mwangu upande wa zana kimekuja kwa meli. Na mimi sijawahi kuvuka mpaka kukifuata. Nakinunua kwa jumla Kariakoo kama wenzangu wote, kwa sababu mzigo uko Kariakoo, anayemkopesha mtu mwenye jina yuko Kariakoo, na Kariakoo napewa risiti ya EFD ambayo TRA wakija naweza kuwaonyesha.

Kiwalani haiko mbali na chuma, Mheshimiwa. Barabara ya Nyerere, ile ambayo wazee bado wanaiita Pugu Road, imejaa viwanda. ALAF, waliokuwapo tangu miaka ya 1960, wanatengeneza mabati hapohapo. Eneo la viwanda vidogo la SIDO liko Vingunguti, mwendo mfupi wa bajaji kutoka kwangu. Na kila asubuhi guta za skrepa hupita mbele ya duka zimebeba springi za Fuso, rimu zilizopinda, vipande vya mageti na injini zilizokufa. Chuma kinapita mlangoni kwangu kikitoka. Nyundo inaingia kwa mlango huohuo ikitokea bandarini. Nimeandika barua hii kwa sababu naona ni wapi mambo yanakwama kati ya safari hizo mbili, na kwa sababu jibu ambalo sisi wenye maduka tumezoea kupewa silo.

Jibu tunalopewa ni kwamba Watanzania hawapendi vya kwao. Linatolewa kwenye semina, linatolewa Sabasaba, linatolewa na watu ambao hawajawahi kushika tindo. Mimi naliona ni tusi kwa fundi. Mwashi anayelipwa kwa siku hana mapenzi na nchi yoyote iliyoandikwa kwenye nyundo. Ana mapenzi na nyundo ambayo kichwa hakichomoki. Siku atakayoipata ya Vingunguti yenye sifa hiyo, kwa bei anayoweza kuilipa asubuhi kabla hajapata posho, ataichukua bila kuhubiriwa.

Wala watu wa nchi hii hawakuletewa jembe na meli. Wanaakiolojia waliochimba Buhaya, magharibi mwa Ziwa Victoria, wamekuta matanuri ya kuyeyushia chuma ya miaka kama 2,000 iliyopita. Ufipa kulikuwa na matanuri marefu ya udongo, malungu, ambayo mabaki yake bado yanaonekana. Karne ya 19 majembe ya Usinza yalisafirishwa hadi soko la Tabora kwa maelfu, na sehemu nyingi jembe lilikuwa mahari. Ugweno, kule Upare, wahunzi walifua chuma kilichotafutwa na majirani zao wote. Baadaye majembe ya viwandani kutoka Ulaya yakashuka pwani kwa bei ya chini, na matanuri mengi yakapoa kabla babu zetu hawajazaliwa.

Uhuru ulipokuja, serikali ilijaribu tena, na ilijaribu kweli. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, kiwanda cha zana za kilimo, UFI, kilijengwa Ubungo kwa msaada wa China, eneo lilelile la kiwanda cha nguo cha Urafiki. Mbeya nao wakapata chao, Zana za Kilimo, ZZK. Mang'ula, Kilombero, karakana iliyoachwa na wajenzi wa reli ya TAZARA ikageuzwa kiwanda cha mitambo. Wilayani Hai kikajengwa Kilimanjaro Machine Tools kwa msaada wa Bulgaria, ili tusiishie kutengeneza zana, tutengeneze hata mashine za kutengenezea zana. Mtu aliyepanga hayo alikuwa na akili. Kasoro ilikuwa moja, nayo ilikuwa kubwa: chuma chenyewe kiliagizwa nje. Fedha za kigeni zilipoadimika miaka ya 1980, viwanda vya majembe vikawa vinasubiri chuma huku wakulima wanasubiri majembe. Miaka ya 1990 milango ya biashara ilifunguliwa na mashirika ya umma yakaanza kubinafsishwa. Jembe la nje lililoingia kwa bei rahisi likakuta la ndani limeshachoka.

Nenda Ubungo leo. Palipokuwa stendi kuu ya mabasi ya mikoani, kabla haijahamia Mbezi, pamesimama kituo kikubwa cha biashara cha Afrika Mashariki, kilichojengwa na mwekezaji wa Kichina na kuzinduliwa na Rais Agosti 2025, chenye maduka zaidi ya 2,000. Kwa hiyo Ubungo imepokea ugeni wa China mara mbili katika umri wa mtu mmoja: mara ya kwanza walikuja na mashine za kufua jembe, mara ya pili wamekuja na jengo la kuliuzia. Sina ugomvi nao. Mfanyabiashara huleta kile ambacho mwenyeji amemruhusu na amekihitaji. Swali langu linatuhusu sisi, kwamba katika hiyo miaka hamsini tulikuwa tunaandaa nini cha kuweka kwenye maduka hayo.

(Nitamke na hili nililo nalo moyoni. Jembe na nyundo vimekaa kwenye bendera ya chama tawala tangu 1977. Jembe na shoka vimo kwenye Ngao ya Taifa, juu ya kila barua inayotoka wizarani kwako. Sidhani kama kuna nchi nyingi zinazoonyesha zana za mkono kwa fahari kiasi hicho huku zikizinunua kwa wengine.)

Sasa nikueleze kilichonifumbua macho. Kuna mhunzi Vingunguti ambaye nauza vitu vyake kidogokidogo: patasi, tindo, majembe mafupi ya bustani. Ni mzee wa heshima, anafua springi za lori juu ya kipande cha chuma kizito alichokigeuza fuawe. Wateja wengine humfuata moja kwa moja. Nikamwambia, Mzee, ngoja nikupeleke kwenye duka kubwa. Nikachukua sampuli, nikaenda kwa afisa manunuzi wa duka moja la vifaa vya ujenzi mjini, ambalo jina lake silitaji kwa kuwa kijana yule hakunikosea kitu. Alinipokea vizuri, akaniuliza maswali yake. Alama ya TBS ipo? Msimbo wa kupigia kwenye mashine ya kaunta upo? Anaweza kuleta mzigo wa kila mwezi, wenye uzito uleule na umbo lilelile? Anaweza kusubiri malipo miezi miwili?

Kila swali lilikuwa na uzito, lakini nilikuwa nimejiandaa kulijibu. Kilichoninyamazisha ni alichofanya baadaye. Alichukua patasi mbili za fungu moja, akatoa tupa kwenye droo, akaipitisha kwenye ncha ya kwanza: tupa ikateleza, haikushika kitu. Akaipitisha kwenye ya pili: ikala chuma, unga ukadondoka mezani. "Hii ngumu, hii laini," akaniambia. "Moja itanifurahishia mteja, nyingine itanirudishia mteja. Nitazijuaje?"

Hapo ndipo penye barua hii yote. Mzee wangu anajua kazi, na patasi yake nzuri inazidi nyingi ninazotundika ukutani. Asichoweza ni kunihakikishia kwamba ya pili itakuwa kama ya kwanza. Na duka kubwa, Mheshimiwa, haliuzi zana nzuri. Linauza zana zinazofanana. Anayeingia pale hachagui kwa kumjua mhunzi, anachukua ya mbele na kuondoka.

Kwa nini hazifanani? Sababu ya kwanza ni chuma. Chuma kinachoshika makali lazima kiwe na kaboni ya kutosha. Springi ya lori inayo, kama asilimia 0.6, na ndiyo maana wahunzi wa Afrika Mashariki nzima wanaipenda, kuanzia Gerezani hadi Kamukunji kule Nairobi. Nondo ya kawaida ya ujenzi ina kaboni kidogo sana kuliko hiyo. Ukiifua patasi itapendeza kwa macho, lakini ukiipeleka kwenye mninga inalala. Mhunzi akikosa springi ananunua alichopata, na skrepa haina cheti kinachosema ndani yake mna nini. Wakati huohuo, springi zinazokusanywa na vijana wa guta hapa Kiwalani na Vingunguti zinapimwa kwa kilo pamoja na takataka nyingine za chuma, zinaingia kwenye tanuri la kiwanda, na zinatoka zikiwa nondo. Tunachukua chuma bora zaidi cha zana kilichopo mjini, tunakichanganya na madebe, tunakifunika kwa zege. Nondo tunazihitaji, sikatai. Lakini zinaweza kuyeyushwa kutokana na chuma chochote, patasi haiwezi.

Sababu ya pili ni moto. Zana ikishafuliwa, inapashwa hadi iwe nyekundu kwa kiwango fulani, inazamishwa kwenye mafuta au maji ili iwe ngumu, halafu inapashwa tena taratibu ili ipunguze ugumu isivunjike kama kigae. Hiyo hatua ya mwisho ndiyo roho ya kazi. Wahunzi wetu wanaipima kwa rangi inayotambaa juu ya chuma kilichosafishwa: ikifika rangi ya asali inasimamishwa hapo, ikipita ikawa ya samawati imeshalainika mno kwa patasi. Ni elimu kubwa na ninaiheshimu. Ila jicho hilohilo linaona rangi moja siku ya mawingu na nyingine jua likiwa utosini, na mzee ana umri wake, na moto wa mkaa hauna saa. Ndiyo maana tupa iliteleza hapa ikala pale.

Nyundo za bei rahisi kutoka nje nazo zina maradhi yao, usidhani nazitetea. Nyingi kichwa chake ni chuma cha kumimina. Kikigonga tindo ngumu kinameguka, na kipande kinaruka kuelekea jichoni. Kichwa cha nyundo kinachofuliwa kutoka kwenye chuma kizuri na kupashwa vizuri hakifanyi hivyo. Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Enzi zao kila jembe lilifuliwa na mtu aliyefahamika kijijini, na likiwa bovu alirudishiwa mwenyewe. Leo mkulima asiyechagua jembe anaumia.

Kwa hiyo ombi langu la kwanza si kampeni, si nembo, si wimbo wa redioni. Naomba tanuri. Tanuri moja la umeme au gesi lenye kipimajoto, pipa la mafuta ya kuzimishia, na kifaa cha kupima ugumu wa chuma, viwekwe pale SIDO Vingunguti, na mhunzi yeyote alipie kwa kilo kama tunavyolipia kusaga mahindi mashineni. Afue kwake, kwa nyundo yake, kwa ujuzi wake. Akimaliza alete fungu lake lipashwe kwa joto moja kwa muda mmoja na lipimwe. TEMDO wa Arusha wapo kwa kazi ya kubuni mitambo tangu 1980. TIRDO wana maabara hapahapa Dar es Salaam. Kilimanjaro Machine Tools bado iko chini ya Shirika la Maendeleo la Taifa, NDC, na kutengeneza tanuri la namna hiyo ni kazi ya hadhi yake. Hakuna hapo taasisi mpya ya kuunda wala sheria ya kupeleka bungeni.

Hili limefanyika kwingine na likafaulu. Jalandhar, Punjab ya India, ilipokea wakimbizi mafundi kutoka Sialkot baada ya mgawanyo wa 1947. Mafundi wa zana wa huko walianza na karakana ndogo za kufua spana na plaizi. Mwaka 1983 ikaanzishwa huko taasisi maalumu ya zana za mkono, kazi yake ikiwa kupasha chuma cha karakana hizo, kukipima, kutengeneza vyombo vya kufulia na kufundisha. Karakana nyingi zilibaki ndogo, ila zana zao zikaanza kufanana, na leo zinauzwa dunia nzima, hadi kwenye ukuta wangu Bombom. Wajalandhar hawakutushinda kwa kupenda vya kwao. Walitushinda kwa kipimajoto.

Ombi la pili ni springi. Naomba wizara ikae na wenye viwanda vya nondo na wafanyabiashara wa skrepa, ili chuma cha springi kichambuliwe kabla hakijaingia tanurini na kiuzwe kwa wahunzi kupitia bohari moja ya SIDO. Sizungumzii tani zitakazomtikisa mwenye kiwanda. Na mhunzi atakuwa na risiti. Hilo si dogo, kwa sababu leo mhunzi akikutwa na kipande cha reli au cha alama ya barabarani anaweza kujikuta polisi akieleza kitu alichokinunua kwa kilo kutoka kwa mtu aliyekwisha ondoka. Chuma kisicho na asili kinamtia mhunzi hatarini na kinatia hatarini miundombinu ya taifa.

Liganga tunaisubiri. Tangu mkataba wa 2011 na kampuni ya Sichuan Hongda tumesikia mengi juu ya chuma cha Liganga na makaa ya Mchuchuma, kule Ludewa. Siku kitakapotoka tutashangilia. Lakini UFI ilichoka ikisubiri chuma, na sioni sababu ya mzee wangu kuchoka akisubiri hichohicho wakati springi zinapita mlangoni.

Sasa nije kwenye rafu zenyewe. Watu wamefundishwa kwamba bidhaa ya Tanzania unaijua kwa msimbo unaoanza na 620. Si kweli. Namba hiyo inaonyesha kwamba kampuni imesajiliwa na GS1 Tanzania; haisemi kitu kimetengenezwa wapi. Mtu anaweza kuleta bisibisi kwa kontena, akazifunga upya Kariakoo, akazipa namba ya 620, na mteja akaamini amenunua cha nyumbani. Tunayo Sheria ya Alama za Bidhaa tangu 1963, na Tume ya Ushindani, FCC, wanaitumia kukamata bidhaa bandia. Naomba itumike pia kulinda maneno "Imetengenezwa Tanzania" kwenye zana, yawe na masharti yanayoeleweka: imefuliwa hapa, imepashwa hapa, imenolewa hapa. Marekani, ambako watu wanaitafuta nyundo ya kwao madukani kama tunavyoitafuta sisi, tume yao ya biashara inataka kitu kiwe chote, au karibu chote, cha huko ndipo kiandikwe hivyo. Na hata kwao si rahisi. Mwaka 2023 Stanley Black & Decker walitangaza kukifunga kiwanda kipya cha zana za Craftsman huko Fort Worth, Texas, ambacho mitambo yake ya kisasa ilishindwa kufanya kazi kama ilivyotarajiwa. Nalitaja hilo ili mtu asinijibu kwamba dawa ni kiwanda kimoja kikubwa chenye roboti. Walikuwa na fedha, wana chuma, wana soko, na bado hakikukaa.

Alama ya TBS nayo inapatikana. Najua mjasiriamali mdogo akipitia SIDO anasaidiwa bila kutozwa gharama mwanzoni. Tatizo ni kwamba TBS hawawezi kuthibitisha fungu ambalo nusu yake ni laini na nusu ngumu, na wala hatutaki wafanye hivyo. Ndiyo maana nikaanza na tanuri. Alama ikitangulia tanuri, tutakuwa tumebandika karatasi.

Kisha kuna agizo la serikali la Julai 2025 linalowazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara, ikiwemo ya jumla na rejareja. Sisi wenye maduka madogo tulilipokea kwa furaha. Lakini agizo lenyewe limeacha nje supamaketi na vituo maalumu vya jumla vya wazalishaji wa ndani. Mheshimiwa, hizo ni nafasi mbili ambazo wizara imeziacha kwa makusudi, basi zitumieni. Supamaketi na duka kubwa la vifaa linalotaka leseni liwekewe sharti: rafu moja ya zana za mkono zilizothibitishwa za hapa nchini, kwenye usawa wa macho, na malipo kwa mhunzi ndani ya siku 14. Siku 60 ni kifo kwa mtu anayenunua mkaa kila asubuhi. Hicho kituo cha jumla cha wazalishaji wa ndani nacho kisibaki maneno ya kwenye tangazo. Kipewe sehemu ndani ya Soko Kuu la Kariakoo, lililojengwa upya baada ya moto wa Julai 2021, ili mimi nikienda kuchukua mzigo nikute beleshi la Vingunguti palepale ninapochukua misumari.

Kwa kweli naiweka Kariakoo mbele ya supamaketi. Maduka makubwa ya kigeni tumeyaona yakija na kuondoka: Shoprite waliwauzia Nakumatt mwaka 2014, Nakumatt nao wakaanguka, Uchumi walifunga 2015, na Massmart ya Afrika Kusini, waliokuwa na Game ya Mlimani City, walitangaza mwaka 2021 kujiondoa kanda hii. Anayemjenga mhunzi juu ya rafu ya namna hiyo peke yake anamjenga juu ya mchanga. Duka la mtaani haliendi popote. Tunakopesha, tunapokea vilivyovunjika, na tunamfahamu fundi kwa jina na kwa deni lake.

Hilo la deni linahitaji kueleweka vizuri huko Dodoma, kwa sababu ndilo maana halisi ya bei nafuu. Fundi anajua kwamba nyundo ya elfu sita itamfia na ya elfu kumi na tano itamfikisha mbali. Hesabu anaijua kuliko mimi. Ila asubuhi ile mfukoni ana elfu saba na nauli. Ninaowaamini nawapa zana ya bei kubwa walipe kidogokidogo kila jioni. Ninaweza kufanya hivyo kwa wachache tu, maana mtaji ni wangu. Serikali ikitaka zana bora iwe nafuu, iitazame mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri, ile ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, iliyositishwa Aprili 2023 na kurejeshwa mwaka uliofuata. Vikundi vya bodaboda na vya kushona vinaipata. Kikundi cha wahunzi vijana kipewe nacho. Kisha Jiji letu la Dar es Salaam, likihitaji mabeleshi ya usafi wa mitaro ya Kiwalani, liyanunue kutoka kwa kikundi hichohicho lilichokikopesha, nacho kilipe mkopo kwa fedha hiyo. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2023 inawapendelea wazalishaji wa ndani. Kinachotushinda ni zabuni moja kubwa ya "vifaa mbalimbali" ambayo mwenye uwezo wa kuijaza ni muagizaji peke yake. Ikatwe vipande. Jembe liwe zabuni yake, toroli yake. Shule, magereza na JKT wanatumia zana hizi kila msimu; wakinunua kidogo lakini kwa uhakika, mhunzi anaweza kuajiri.

Mwisho wa siku, Mheshimiwa, hakuna ninachoomba ambacho kinamzuia mtu kuuza nyundo ya nje. Nitaendelea kuziuza mwenyewe, na iliyo bora nitaisifia. Ninachoomba ni mambo mawili ambayo mzee wangu hawezi kujifanyia, tanuri na chuma chenye asili, na mawili ambayo wizara yako inaweza kuyaamua kwa kalamu, alama ya kweli na nafasi ya kuuzia.

Nakualika Vingunguti. Njoo na mkurugenzi wa SIDO, njoo na mtu wa TBS mwenye tupa mfukoni, na mwenye duka kubwa mmoja au wawili. Tuchukue patasi ishirini za mzee, kumi zipashwe kwa mkaa na kumi kwenye tanuri la maabara, tuzipime mbele ya waandishi wa habari. Zikishindwa zote, nitatulia na kuuza mzigo wa Kariakoo bila kulalamika. Zikifaulu zile kumi za maabara, tupe tarehe ya tanuri.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mwenye duka la vifaa vya ujenzi,
Kiwalani, Dar es Salaam.